Mlima Ulipoufunga Mto: Habari za Ziwa la Gohna

Mwanzoni mwa mwezi wa Juni, mwaka wa 1841, jeshi la Masingasinga lilikuwa limepiga kambi katika uwanda wa Chach, karibu na mji wa Attock, mahali ambapo mto Indus huiacha milima na kuingia katika nchi tambarare. Mto huo ni mmoja wa mito mikubwa ya Asia, na Juni ni wakati ambao hujaa kwa theluji inayoyeyuka milimani. Lakini mwaka ule ulikuwa umepungua kwa muda mrefu, ukawa mwembamba na mpole kuliko ulivyozoeleka. Mto uliopungua haumtishi mtu, na jeshi lilikaa kando yake kama watu wakaavyo kando ya mnyama aliyelala. Kisha ukaja ukuta wa maji na matope, ukafagia kambi na vijiji vya kando, ukaenda zake.

Sababu ya msiba huo ilikuwa mbali sana na macho ya wale waliokufa. Katika majira ya baridi yaliyotangulia tetemeko la ardhi lilitikisa nchi iliyo chini ya mlima Nanga Parbat, na bega la mlima likaporomoka katika korongo la Indus na kuliziba kabisa. Nyuma ya kifusi maji yalirundikana mwezi baada ya mwezi, hata ziwa likarudi nyuma yapata kilomita 60, likakaribia Gilgit. Maji yalipofika juu ya kifusi yakaanza kukivuka, yalipokivuka yakakikata, na ziwa lililojazwa kwa miezi sita likamwagika kwa muda wa siku moja hivi.

Habari hii yafundisha jambo ambalo hupita upesi katika masimulizi ya misiba. Tetemeko huja bila taarifa, na radhi ya ghafla haimpi mtu nafasi ya kufunga mzigo. Lakini mto uliozibwa na mlima mara nyingi hutoa muda: pengine saa chache, pengine siku, pengine mwaka mzima. Muda huo huweza kupimwa, na mwisho wake huweza kukadiriwa. Kwa hiyo mtu atakaye kujua kwa nini mafuriko ya namna hii yaliua mahali fulani na yasiue mahali pengine, hana budi kuuliza maswali mawili: maji yalikuwa na nguvu gani, na muda uliotolewa ulitumiwaje? Hakuna mahali panapojibu maswali hayo kwa uwazi kuliko bonde dogo la Birehi, katika nchi ya Garhwal, kaskazini ya Bara Hindi, ambako maji yale yale yalimwagika mara mbili, katika mwaka wa 1894 na katika mwaka wa 1970.

Yafaa kwanza kueleza jinsi boma la namna hii linavyojengwa na linavyobomoka. Katika milima mikali mito hukata mabonde membamba yenye kuta ndefu. Mto ukila mguu wa mlima, mvua nyingi zikilowesha tabaka za miamba zilizoinama kuelekea bondeni, au ardhi ikitetemeka, mteremko huachana na mlima na kushuka. Bonde likiwa pana, kifusi hutandaa na mto hujitafutia njia pembeni. Bonde likiwa jembamba, kifusi hugonga ukuta wa upande wa pili, kikasimama, na mto ukafungwa. Boma limejengwa kwa dakika chache, bila msingi wala fundi.

Ubaya wake umo katika ujenzi wake. Boma lililojengwa na wanadamu hushindiliwa tabaka kwa tabaka, na huachiwa mfereji maalumu wa kutolea maji ya ziada yasije yakapita juu ya ukingo. Boma la mlima ulioanguka ni mchanganyiko wa mawe makubwa kama nyumba, kokoto, mchanga, udongo na vumbi, vyote vimetupwa pamoja, na halina mlango wa maji. Hubomoka kwa njia tatu. Ya kwanza ni maji kupita ndani yake, yakibeba udongo mdogo mdogo hata yakachimba shimo kama bomba, na juu pakadidimia. Ya pili ni mteremko wa boma lenyewe kulowa na kuporomoka. Ya tatu, ambayo hutokea zaidi kuliko zote, ni maji kujaa na kupita juu. Mwanzoni hupita kama kijito ambacho mtoto aweza kukivuka. Lakini kijito hicho hushuka kwa kasi upande wa chini, hukwangua udongo, na mkwaruzo huo hurudi nyuma hatua kwa hatua hata ukafika ukingo wa ziwa. Hapo mlango huongezeka kina. Kina kikiongezeka maji huzidi. Maji yakizidi hukata zaidi. Kazi iliyoanza polepole humalizika kwa kishindo.

Wataalamu wawili wa Marekani, Costa na Schuster, walikusanya habari za maboma ya asili ambayo muda wa kuishi kwake ulijulikana, wakatoa hesabu yao katika mwaka wa 1988. Kati ya maboma 73 waliyoyachunguza, asilimia 27 yalibomoka kabla siku moja haijaisha, karibu nusu yalibomoka katika siku 10, na asilimia 85 hayakumaliza mwaka. Hesabu hiyo yaonyesha kwamba boma la asili likikaa kitambo ni bahati, na bahati hiyo haidumu. Methali yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hapa ukuta wenyewe ndio adui, na ufa wake hauzibiki. Linalobaki mikononi mwa watu ni kujua utafunguka lini, na kutokuwapo njiani siku hiyo.

Mto Birehi, ambao wenyeji huuita Birehi Ganga, ni mdogo. Huteremka kutoka milima ya theluji na kumwaga maji yake katika mto Alaknanda, juu kidogo ya mji wa Chamoli. Alaknanda hupita Nandprayag, Karnaprayag, Rudraprayag na Srinagar, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Garhwal katika zama zilizopita, kisha hukutana na Bhagirathi huko Devprayag. Kutoka hapo mto huitwa Ganges, nao hutoka milimani katika mji mtakatifu wa Hardwar. Njia hiyo yote ni njia ya mahujaji wa Kihindu waendao Badrinath, na kila kituo cha njia hiyo kina nyumba, maduka na watu walioweka maisha yao ukingoni mwa maji. Mwishoni mwa miaka ya 1860 radhi katika bonde hilo hilo la Birehi ilikwisha kuleta mafuriko ya ghafla yaliyowaua mahujaji waliokuwa wamelala Chamoli. Bonde, basi, lilikuwa limekwisha kutoa onyo.

Katika mwezi wa Septemba, mwaka wa 1893, mvua za msimu zilipokuwa zikimalizika, upande wa mlima Maithana uliporomoka karibu na kijiji cha Gohna. Mawe yalianguka kwa siku kadhaa, na vumbi la chokaa likatanda juu ya bonde. Lilipotulia, palikuwa na boma lenye urefu wa kwenda juu yapata futi 900, yaani karibu mita 270, na upana wa zaidi ya kilomita 3 kwenye kitako. Nyuma yake Birehi ulisimama ukaanza kuwa ziwa.

Aliyetumwa kulitazama jambo hilo alikuwa Luteni Kanali Pulford, mhandisi mkuu wa serikali katika eneo lile. Watu wengi waliogopa kwamba boma lote lingesukumwa na maji na kuondoka kwa mara moja. Pulford alilipima, akasema kwamba halitaondoka hivyo, kwa maana unene wake ulikuwa mkubwa mno. Maji yatapanda hata yafike juu, yatapita, na hapo ndipo yatakapolikata. Tena alisema kwamba hapana nguvu ya watu iwezayo kuzuia jambo hilo, wala kuchimba mfereji wa kutosha katika kifusi cha ukubwa ule. Baada ya kukadiria ukubwa wa ziwa, maji yaliyoingia na mvua iliyotazamiwa, alisema kwamba maji yangepita juu ya boma katikati ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 1894. Mtaalamu wa miamba, T. H. Holland, wa idara ya serikali iliyochunguza miamba ya Bara Hindi, naye alifika akaandika taarifa juu ya radhi na sababu zake. Hivyo, kabla mwaka haujaisha, msiba ulikuwa umepewa jina, mahali, na hata tarehe.

Kilichofuata hakikuwa na fahari ya vita, wala hakikujengewa sanamu, lakini ni moja ya kazi bora za tahadhari zilizoandikwa katika historia ya mafuriko. Waya wa simu ulitandazwa kutoka Gohna hata Hardwar, mwendo wa karibu kilomita 240 katika milima, na vituo vikawekwa njiani ili habari ishuke mbio kuliko maji. Afisa kijana, Luteni Crookshank, aliwekwa pale pale ziwani kupima kina cha maji na kupeleka habari. Katika miteremko ya bonde zilisimamishwa alama za kuonyesha kimo ambacho maji hayatazamiwi kukifikia, ili mkulima asiyejua kusoma ajue kwa macho yake mahali pa kukimbilia. Madaraja ya kuning'inia yaliyoweza kufunguliwa yalifunguliwa na kuwekwa akiba. Mahujaji walizuiwa kupita chini, wakapewa njia nyingine. Huko Hardwar milango ya mfereji mkuu wa Ganges, uliofunguliwa katika mwaka wa 1854 na kumwagilia mashamba mengi ya uwandani, iliimarishwa kupokea pigo.

Mvua za mwaka wa 1894 zilianza, na ziwa likapanda. Katikati ya Agosti ilipita bila boma kufikiwa. Mwanadamu hukichoka upesi kitu anachokingoja, na tahadhari iliyokawia huanza kuonekana kama uzushi. Lakini wapimaji hawakuondoka. Asubuhi ya tarehe 25 Agosti, siku 10 tu baada ya makadirio, maji yakaanza kupita juu ya boma. Mchana kutwa yalikata njia yake, huku habari zikishuka kwa waya kituo baada ya kituo. Karibu na usiku wa manane boma likavunjika.

Katika muda wa saa nne na nusu hivi zilitoka mita za ujazo zipatazo milioni 283. Ukizigawanya kwa muda huo, ni wastani wa zaidi ya mita za ujazo 17,000 katika kila sekunde, kutoka katika kijito ambacho wasomi wengi wa dunia hawakupata kulisikia jina lake. Uso wa ziwa ulishuka futi 390, karibu mita 120. Huko Chamoli maji yalipanda yapata mita 49 juu ya kawaida. Srinagar yalipanda kama mita 13. Na yalipofika Hardwar, yakiwa yamekwisha kutandaa na kuchoka, yalipanda kama mita 3 na nusu. Mji wa kale wa Srinagar ulifutwa. Nyumba, maduka, bustani na jumba la wafalme wa zamani vilikwenda na maji, na mji ulijengwa upya mahali palipoinuka zaidi.

Mji ulikufa, lakini watu wake hawakufa. Katika bonde lote, kutoka Gohna hata Hardwar, walipotea watu 5 tu: mtawa mmoja, fakiri, pamoja na jamaa zake. Walikuwa wameondolewa kwa nguvu kutoka mahali pa hatari, wakarudi. Ni rahisi kuwatupia methali ya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini haki yadai kutazama upande wa pili pia. Kwa fakiri, bonde lile halikuwa jedwali la vipimo. Lilikuwa makao matakatifu, na waliomwamuru kuondoka walikuwa maafisa wa dola ya kigeni, wenye lugha ya kigeni na sababu ambazo hakuzitumaini. Onyo halikosi kusikiwa kwa ukimya tu. Hukosa kusikiwa vilevile pale msemaji asipoaminiwa. Lililo la ajabu ni kwamba watu wengine maelfu waliamini, wakapanda miteremko usiku, wakayaacha yote waliyokuwa nayo.

Wala haipasi kuisifu serikali ya wakati ule kupita kadiri. Mfereji wa Ganges ulikuwa mali kubwa na chanzo cha mapato, na njia ya mahujaji ilikuwa jambo ambalo hakuna mtawala wa Bara Hindi aliyeweza kulipuuza. Inawezekana kwamba bonde lisilo na mfereji wala hekalu mwishoni mwake lisingepata waya wa simu. Hata hivyo, nia ikiwa ya namna gani, kazi ilikuwa ya kweli, nayo ilikuwa na sehemu nne zilizofungamana: mtu mwenye elimu alikwenda kuona kwa macho, alichokiona kilitiwa katika hesabu, hesabu ilishushwa kwa njia iliyo mbio kuliko maji, na huko chini palikuwa na mpango uliojulikana kabla. Sehemu moja ikikosekana, nyingine tatu ni bure. Kati ya Indus ya mwaka wa 1841 na Birehi ya mwaka wa 1894 milima haikubadilika tabia, wala maji hayakupungua ukali. Kilichobadilika ni matumizi ya muda.

Kama habari ingekoma hapo, ingekuwa hadithi njema yenye mwisho mwema. Lakini maji hayakumalizika katika usiku ule. Yalipokuwa yakilikata boma yalifika kwenye mawe makubwa yaliyoshikamana, yakashindwa kuendelea. Sehemu ya chini ya boma ikabaki imesimama, na nyuma yake likabaki ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Hofu iliondoka, ziwa likawa tulivu, na wenyeji wakalizoea wakaliita Gohna Tal, yaani ziwa la Gohna. Waliozaliwa baadaye walilikuta pale kama walivyoikuta milima, nalo halikuwaambia kwamba lilikuwa nusu ya deni ambalo nusu yake nyingine ilikwisha kulipwa.

Kwa miaka 76 kila msimu wa mvua kijito kilileta ndani ya ziwa mchanga na mawe. Kina kikapungua, na juu yake miteremko ikabadilika. Baada ya vita vya mpakani kati ya Bara Hindi na China katika mwaka wa 1962 barabara nyingi zilichongwa katika milima ya Garhwal, na njia za magari zikafungua misitu kwa wakata mbao wa biashara. Tarehe 20 Julai, mwaka wa 1970, mvua kubwa ilinyesha juu ya bonde la Alaknanda. Miteremko iliporomoka mahali pengi, vijito vilijaa mawe na magogo, na ziwa la Gohna, lililokwisha kuwa karai la tope, likapokea mzigo lisioweza kuubeba. Boma lililobaki likaondoka. Mafuriko yalishuka Alaknanda, yakafagia madaraja, barabara na magari, yakakifuta kituo cha Belakuchi, yakaua watu, na tope lake likaufikia mfereji wa Ganges huko uwandani na kuuziba.

Safari hii hapakuwa na mpimaji akaaye ziwani, wala alama mpya miteremkoni, wala tarehe iliyotangazwa. Si kwamba elimu ilikuwa imepungua. Katika mwaka wa 1970 wanadamu walikuwa wamekwisha kutembea juu ya mwezi. Kilichopungua ni kumbukumbu. Taarifa za Pulford na Holland zilikuwa zimehifadhiwa katika maktaba, lakini kuhifadhiwa si kukumbukwa. Kwa watu wa mwaka wa 1894 boma lilikuwa kitu kilichoanguka jana, na kila mtu aliliogopa. Kwa watu wa mwaka wa 1970 lilikuwa sehemu ya nchi. Hatari iliyozeeka bila kuua hupewa heshima ya mzee wa kijiji: hakuna amwulizaye ana nia gani.

Hata hivyo mafuriko ya pili nayo yalizaa kitu. Wanavijiji wa Chamoli walijiuliza kwa nini maji yalikuja na mawe na magogo mengi kiasi kile, wakaitazama milima iliyonyolewa juu yao, wakaliunganisha jambo moja na jingine. Katika mwaka wa 1973 walianza kuwazuia wakata mbao kwa kuikumbatia miti, na mwezi wa Machi, mwaka wa 1974, wanawake wa kijiji cha Reni, wakiongozwa na Gaura Devi, wakafanya vivyo hivyo. Harakati hizo, ziitwazo Chipko, zilijulikana ulimwenguni kote. Wataalamu wangali wakijadiliana sehemu gani ya mafuriko ilitoka katika ukataji wa miti, na sehemu gani katika mvua na udhaifu wa miamba yenyewe. Lakini ni jambo la kutajwa kwamba somo la mwaka wa 1970 halikuandikwa na wahandisi kwanza, bali na wale waliokaa chini ya miteremko.

Na wilaya hiyo hiyo ya Chamoli ilipata kuonyesha upande wa tatu wa jambo hili. Tarehe 7 Februari, mwaka wa 2021, mwamba na barafu, jumla yapata mita za ujazo milioni 27, viliachana na mlima Ronti na kushuka katika mto Rishiganga, vikapita Reni na kubomoa mitambo miwili ya umeme. Watu zaidi ya 200 walikufa au walipotea, wengi wao wakiwa wafanyakazi. Hapo maji hayakuzibwa kwanza. Mlima ulishuka na kwenda moja kwa moja, na muda uliotolewa ulikuwa wa dakika tu. Msiba huo waonyesha, kwa kinyume chake, thamani ya miezi 11 ambayo boma la Gohna liliwapa watu wa mwaka wa 1894.

Mizani hiyo ya muda yaonekana hata nje ya Bara Hindi. Katika nchi ya Sichuan, huko China, tetemeko la tarehe 1 Juni, mwaka wa 1786, lilianguhsha mlima katika mto Dadu. Boma lilikaa siku 10, likavunjika tarehe 10 Juni, na kumbukumbu za wakati huo zataja watu wapatao 100,000 waliozama. Katika nchi hiyo hiyo tetemeko la tarehe 12 Mei, mwaka wa 2008, liliziba mto mwingine mahali paitwapo Tangjiashan, juu ya mji wa Mianyang. Askari na mafundi walichimba mfereji juu ya boma ili maji yapite mapema, ziwa lingali dogo, na watu zaidi ya 250,000 waliondolewa bondeni. Maji yalipita kwa nguvu zake zote tarehe 10 Juni, siku ile ile ya mwezi ambayo Dadu uliua miaka 222 kabla, na mafuriko hayo hayakuua mtu. Siku 10 zilitosha kuwaokoa watu wengi katika mwaka wa 1786, kama pangekuwa na mtu wa kuzihesabu na njia ya kupeleka hesabu.

Yako pia maboma yanayokataa kuanguka. Katika milima ya Pamir, katika nchi ya Tajikistan, tetemeko la tarehe 18 Februari, mwaka wa 1911, liliporomosha kilomita za ujazo zaidi ya 2 za mwamba juu ya kijiji cha Usoi na kuuziba mto Murghab. Boma hilo, lenye kimo cha mita zipatazo 567, ni refu kuliko boma lolote jingine duniani, liwe la asili au la mikono ya watu. Nyuma yake limelala ziwa Sarez, lenye maji yapatayo kilomita za ujazo 17. Kwa zaidi ya miaka 100 maji yamekuwa yakivuja kupitia mwambani kwa kiasi kinacholingana na yale yanayoingia, na ziwa halijapita juu. Wengine hulitaja kama dalili ya usalama, wengine kama tishio kubwa. Historia ya Gohna haitoi hukumu kati yao, lakini yatoa onyo moja: miaka mingi ya utulivu si ushahidi kwamba boma limekuwa mlima. Gohna Tal nalo lilikuwa tulivu kwa miaka 76.

Basi maboma ya milima iliyoanguka hayabomoki kwa siri. Mto unaopungua ghafla katika wakati wake wa kujaa, kama Indus ulivyopungua mbele ya jeshi, ni barua iliyotumwa kutoka juu. Na ziwa jipya katika bonde la kale ni barua yenye tarehe. Katika mwaka wa 1894 watu waliisoma barua hiyo, wakapoteza mji wakaokoa watu. Katika mwaka wa 1970 barua ilikuwa imekwisha kusomwa zamani, ikakunjwa, ikawekwa, na hapana aliyefikiri kwamba ilikuwa na ukurasa wa pili. Mto Birehi wapita leo mahali palipokuwa ziwa, ukiwa mwembamba katikati ya mawe, na kuta za bonde lake zingali zikiporomoka.